Miguu ya Zoraida Quintana

Sehemu ya kumi na moja

Hakuketi.

Mwanamke wa shali ya kahawia, yule tuliyemwacha Jumamosi iliyopita amesimama safu ya tatu ya Sinema Mirador, aliendelea kusimama. Maneno yalishamtoka na hakuwa na haja ya kuyarudia. Alikuwa amesema mbele ya ukumbi mzima kwamba miguu inayocheza pale kwenye pazia si ya Zoraida Quintana. Ni ya kwake.

Watu walimtazama yeye. Kisha wote kwa pamoja wakageuza shingo kumtazama Zoraida jukwaani.

Nyuma ya Zoraida filamu ilikuwa bado inakwenda, sauti imezimwa. Ilikuwa *Chumvi ya Tampico*, na ilikuwa imefika pale pale. Hakuna mtu katika jiji la Meksiko asiyeijua ngoma ile. Marinda meupe, miguu iliyokuwa ikienda mbio kama imeshikwa na umeme, na juu yake ule uso usiocheka, uso uliomfanya aitwe Mwanamke wa Barafu. Wasichana wa wakati ule walijifunza kutocheka kwa sababu yake. Mama zao waliwafinya, wala haikusaidia.

Zoraida alikuwa ameshika glasi ya maji. Aliiweka mezani taratibu. Alimtazama yule mwanamke kama mtu anavyotazama mvua akiwa ndani ya nyumba.

Bwana Abundis, mwenyekiti wa kamati ya mtaa aliyeandaa sherehe, aliinama sikioni mwake. Alimwomba asijali. Mwendawazimu mmoja hakosekani kwenye sherehe, atatolewa nje sasa hivi, yeye atabasamu tu kisha watoke wote wakafunue sanamu. Sanamu ya shaba ilikuwa inangoja bustanini ng'ambo ya barabara, imefunikwa shuka. Mchongaji alikuwa ameihangaikia miguu kuliko kitu kingine chochote.

Walinzi wawili walishaanza kupenya katikati ya viti.

"Mwacheni," Zoraida alisema.

Walinzi walisimama. Abundis alibaki na tabasamu asijue aliweke wapi.

Ndipo Brígida akapanda jukwaani. Brígida ni binti wa pekee wa Zoraida, mwalimu wa hesabu, mwanamke asiyependa kelele wala watu wanaopiga kelele. Alimshika mama yake kiwiko akasema kwa sauti ya chini, "Mama, sema anaongopa, twende zetu nyumbani."

"Niseme hivyo kwa nini?"

"Kwa sababu anaongopa."

"Haongopi."

Kipaza sauti kilikuwa wazi. Neno lile moja lilitoka kwenye maspika yote ya ukumbi, likafika mpaka kwa wauza mahindi waliosimama mlangoni.

Zogo lililozuka, msomaji, lifikirie mwenyewe. Wapiga picha walikanyagana. Bibi mmoja mwenye kofia ya maua alisema hajawahi kudanganywa hivi tangu marehemu mumewe afe. Na kutoka viti vya nyuma, mwanamume mmoja mwenye sauti ya kuuzia nyanya akapaza: "Basi sanamu ikatwe kiunoni, kila bibi abebe chake!"

Watu walicheka. Walicheka zaidi ya utani wenyewe, kwa sababu hawakujua la kufanya. Hata mwanamke wa shali alitikisika mabega.

Zoraida alingoja wamalize. Kisha akasogea kwenye kipaza sauti, akasema yale ambayo hakuwahi kumwambia mumewe marehemu, wala padri, wala mtoto wake.

Hakuyapamba. Alisema alizaliwa Matanzas, Kuba, akaitwa Caridad Bofill. Alikuja Meksiko akiwa msichana, kwenye kundi la shangazi yake, akacheza rumba kwenye mahema ambako wanaume walitupa maganda ya machungwa jukwaani kama hawakuridhika. Don Fausto Lomelí, mtayarishaji wa filamu, alimwona huko, akampa jina jipya na mkataba. Filamu zake zote zilizotangulia alicheza kwa miguu yake mwenyewe. Zilizofuata pia. "Zote," alisema. "Isipokuwa hiyo mnayoipenda."

Wapiga picha waliacha kukanyagana.

"Nilikuwa na mtoto mchanga. Jina lake Leandro. Hakuna aliyejua nje ya studio, maana Don Fausto alisema watu hawalipi kiingilio kumtazama mama wa mtu. Nilikuwa nakwenda naye kazini, analala kwenye chumba cha washonaji juu ya furushi la vitambaa. Akapata homa. Usiku ule Don Fausto alinizuia studio tufanye mazoezi, akasema gari lake litampeleka mtoto zahanati. Asubuhi nimekaa napakwa rangi usoni, akaingia. Akaniambia mtoto amefariki alfajiri."

Brígida aliuachia mkono wa mama yake.

Zoraida aliendelea kwa sauti ile ile, kama anasoma ratiba ya treni. Don Fausto alimwambia kwamba mandhari ya bandia ya ngoma ile inabomolewa kesho, na wapiga muziki wameshaitwa, na taa zimeshawashwa. Mtoto atazikwa kesho. Leo ngoma. Yeye hakukataa. Alisimama ili aende, na hapo ndipo ganzi ilipoanza. Ilianzia kwenye nyayo ikapanda. Ilipofika magotini hakuweza kupiga hatua.

"Basi wakanisimamisha juu ya kasha la soda. Vijana wawili wa kubeba mbao walichuchumaa chini, pasipofika kamera, wakanishika kiuno wakawa wananitikisa kwa mapigo ya ngoma. Wakawasha feni ili nywele ziruke. Uso wakauacha ulivyo. Mwongozaji alisema ni mzuri sana, nisiubadilishe." Alisita kidogo, kama anayejaribu kukumbuka kama kuna kitu amesahau. "Uso walimaliza asubuhi. Miguu waliipiga picha baada ya chakula cha mchana. Ni ya huyo bibi hapo. Anaitwa Otilia Carmona, alikuwa kwenye kundi la wachezaji wa nyuma. Mpigieni makofi. Alicheza vizuri."

Hawakupiga. Wengine walijaribu, mkono mmoja ukagusa mwingine, ukakoma. Bibi wa kofia ya maua alikuwa analia ndani ya kofia yake.

Zoraida aliwatazama wakilia. Aliona kwamba wanalia kwa ajili yake, akawaonea huruma kidogo, kama unavyomwonea huruma mtu aliyekosea nyumba.

Brígida ndiye aliyesema kitu.

"Nina kaka?"

"Ulikuwa naye."

"Nina miaka mingapi, Mama? Nimemzika mumeo pamoja nawe, nimekuosha miguu hiyo hiyo ulipolazwa, na leo nasikia hapa pamoja na wauza mahindi?"

Zoraida alinyoosha mkono amshike. Brígida alishuka jukwaani akaenda kusimama peke yake karibu na mlango wa dharura, amefumbata mikono, anatazama ukuta.

Sherehe ilikuwa imekufa lakini hakuna aliyethubutu kuizika. Watu walijipanga kumpa mkono Zoraida, kama kwenye msiba, na kwa kweli wengi walimwambia pole. Aliwapa mkono wote. Wanakamati, wapiga tarumbeta, padri wa parokia, mchongaji, daktari wa mtaa, mwenye sinema, mwanahabari aliyevaa tai ya njano. Wengine walimbusu. Alihisi mashavu yakigusa shavu lake kwa mbali, kama yanamgusa mtu mwingine.

Abundis alitoka nje kuongea na mafundi. Shuka ilibaki juu ya sanamu. Mafundi waliambiwa waende wakale, watapewa taarifa.

Walipokutana, walikutana ofisini kwa meneja wa sinema, katikati ya mabango yaliyoviringishwa. Brígida alikuja pia, hakuketi. Otilia Carmona aliketi, akavua kiatu kimoja, akajikanda kidole gumba. Miguu ile ilikuwa bado mizuri. Brígida aliitazama bila kutaka.

Zoraida alimuuliza anataka nini. Kama ni sanamu, aichukue. Kama ni kuandikwa magazetini, nje kuna watu wanangoja.

"Sanamu niipeleke wapi, shoga? Ua wetu hautoshi hata kamba za nguo," Otilia alisema. "Mimi sikuja kutafuta sifa. Nimekuja kwa ajili ya mume wangu."

"Simjui mume wako."

"Unamjua. Nicanor."

Meneja, aliyekuwa analeta kahawa, aliona nyuso zao akarudi na kahawa yake.

Nicanor Peñalver alikuwa mpiga bongo, zile ngoma ndogo pacha za Kikuba. Wa Matanzas, kama Zoraida. Ndiye aliyekuwa baba wa Leandro, na Zoraida alipomaliza kumzika mtoto alimngoja aje, na badala yake alikuja Don Fausto kumwambia kwamba Nicanor amepanda meli kurudi Havana, hata salamu hakuacha. Zoraida aliamini. Ganzi ilikuwa imeshafika kifuani wakati huo, na mtu mwenye ganzi ukimchoma mara ya pili hashtuki.

"Hakupanda meli," Otilia alisema. "Walimpeleka Veracruz, wakamwonyesha meli, akawatoroka bandarini. Aliambiwa humtaki. Kwamba unamlaumu kwa kifo cha mtoto, na ukimwona utaita polisi. Akarudi hapa akawa anapiga ngoma kwenye harusi. Tukakutana. Nikaolewa naye."

"Na hukuniambia."

"Sikukwambia."

Zoraida aliingoja hasira. Aliipa nafasi, alikaa vizuri kitini kama mtu anayengoja basi ambalo lina ratiba. Haikuja.

"Yu hai?" aliuliza.

"Mwili ndiyo. Kichwa kinakwenda na kurudi. Ananiita kwa jina la dada yake. Juzi aliusalimia mlango." Otilia alivaa kiatu chake. "Hilo nimelizoea. Nisiloweza ni televisheni. Kila wakionyesha ile filamu anavuta kiti, anaweka kiganja kwenye kioo, anaita Caridad, Caridad, na machozi yanamtoka. Na pale kwenye kioo ni miguu yangu. Nimempikia mwanamume huyu maisha yangu yote. Nimemnyoa ndevu. Halafu analilia miguu yangu kwa jina lako."

Brígida aliacha kutazama ukuta.

"Nimemwambia ni yangu, haniamini," Otilia alisema. "Nikaona labda ukisema wewe mbele ya watu, na gazeti liandike, nimsomee. Lakini umesema vizuri kuliko nilivyotarajia. Sasa naomba jambo moja. Njoo umwambie wewe. Kwa mdomo wako. Kabla kichwa hakijaondoka moja kwa moja."

Brígida alisema mama yake haendi popote, amechoka, ni mgonjwa wa moyo, na wanawake wote wawili wamezeeka kiasi cha kutosha kuacha upuuzi. Zoraida alikuwa ameshasimama anatafuta mkoba.

"Mama, unakwenda kufanya nini kwake?"

"Sijui. Ameomba."

Walikwenda kwa teksi, Volkswagen kobe ambayo kiti chake cha mbele kimeng'olewa, wakabanana watatu nyuma, Brígida katikati. Dereva alimtambua Zoraida kwenye kioo, akaanza kusimulia jinsi baba yake alivyokuwa amebandika picha yake chooni. Brígida alimwomba anyamaze. Dereva akanyamaza mpaka Tacubaya, kisha akashindwa, akamuuliza kama ni kweli hakuwahi kucheka hata mara moja. Zoraida alimjibu kwamba alipokuwa mdogo alikuwa anacheka sana, mpaka anafukuzwa kanisani.

Brígida alimgeukia. Hilo nalo hakulijua.

Otilia na mumewe walikaa kwenye nyumba ya vyumba vingi vinavyozunguka ua mmoja, ile ambayo jirani akikaanga pilipili wote mnakohoa. Wanawake waliokuwa wanafua walinyoosha migongo. Mmoja alimuuliza Otilia huyo aliyemleta si yule wa sinema. Otilia alijibu ndiyo ni yeye, na wafue.

Nicanor alikuwa ameketi mbele ya televisheni iliyozimwa. Alikuwa amekonda, shati limefungwa mpaka kifungo cha mwisho, nywele zimelowekwa maji na kuchanwa. Kwenye mapaja yake kulikuwa na mkate mtamu uliokwisha nusu. Vidole vyake vilikuwa vinapiga ukingo wa kiti, taratibu, mapigo ambayo Zoraida aliyajua kabla hajajua kwamba anayajua.

"Nicanor," Otilia alisema, "una mgeni."

Aliinua macho. Alimtazama Zoraida kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mwanamke mkubwa aliyeingia nyumbani kwake, akataka kusimama ampishe kiti. Hakumtambua hata kidogo.

"Karibu, bibi. Umetoka mbali?"

"Siyo sana," Zoraida alisema.

Alimkalisha tena kwa kumgusa bega. Bega lilikuwa mfupa mtupu. Alikuwa amefikiri kwamba siku akikutana na mtu huyu kitu kitapasuka ndani yake, na kwa miaka mingi alikuwa ameliogopa jambo hilo, hata akawa anakwepa mitaa yenye wapiga muziki wa Kikuba. Sasa yupo mbele yake, ana makombo ya mkate kwenye shati. Zoraida aliyapangusa.

Otilia alimfanyia ishara kwa kidevu. Sema.

"Nicanor," alisema, "nimekuja kukwambia jambo. Ile ngoma ya kwenye filamu. *Chumvi ya Tampico*. Miguu ile ni ya Otilia, mkeo. Mimi sikucheza siku ile."

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha alicheka, kicheko kifupi cha puani.

"Najua. Nilikuwepo. Nani amekwambia sijui miguu ya mke wangu?"

Otilia aliyekuwa amesimama karibu na jiko alishika ukingo wa meza.

"Basi kwa nini unashika kioo, mume wangu? Kwa nini unaita Caridad?"

"Namwita ageuke," Nicanor alisema. Alisema kwa uvumilivu, kama wao ndio wagonjwa. "Wakionyesha uso namwita ageuke nyuma, hanisikii. Feni ina kelele. Na mimi siwezi kuacha kupiga, nikiacha wanakata kamera na Don Fausto atanifukuza. Namwita Caridad, Caridad, tazama nyuma yako. Mtoto wanamtoa kwa mlango wa nyuma."

Nje mtu alikung'uta nguo mbichi, maji yakaruka kwenye kioo cha dirisha.

Brígida ndiye aliyesogea kwanza. Alichuchumaa mbele ya mzee, akamuuliza kwa sauti anayotumia darasani, kwa mwanafunzi anayeogopa ubao. "Mtoto gani, Mzee?"

"Leandro."

"Alikuwa amefariki, Mzee. Alfajiri. Ulikuwa unaona mwili wake."

"Analia," Nicanor alisema. "Mdomo wazi hivi, uso mwekundu. Ngoma zinamzidi, sisikii sauti, lakini naona anavyolia. Maiti hailii, binti yangu."

Vidole vyake vilirudi kwenye ukingo wa kiti vikaendelea na mapigo.

Zoraida alikuwa bado amesimama. Alikumbuka jeneza dogo jeupe lililopigiliwa misumari. Alikuwa ameomba lifunguliwe, na Don Fausto alikuwa amemshika mabega kwa upole mkubwa akamwambia homa ile huharibu sura, amkumbuke alivyokuwa. Akamkumbuka alivyokuwa. Kila mwaka alipeleka maua, akasimama mbele ya msalaba akingoja kulia, akarudi nyumbani kupika.

"Anachanganya mambo," Brígida alisema, akimgeukia Otilia. "Umesema mwenyewe. Anausalimia mlango. Daktari amesemaje? Anachanganya, sivyo?"

Otilia aliushikilia ukingo wa meza. Rangi ilikuwa imemtoka hata kwenye midomo.

"Anachanganya majina," alisema mwishowe.

"Na haya?"

Otilia aligeukia jiko.

Hapo ndipo Zoraida alipouliza. Aliuliza kwa sauti ile ile aliyoitumia sinemani, haikupanda wala haikushuka, na Brígida alisema baadaye kwamba angependa kama mama yake angepiga kelele.

"Nicanor. Aliyembeba ni nani?"

Mzee alimtazama, kisha akatazama chumba chote kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo kila mtu ndani ya nyumba anajua. Akanyoosha mkono kuelekea jikoni, kwa Otilia.

"Si huyu hapa," alisema. "Amevaa marinda tayari. Zamu yake ya kucheza ni baada ya chakula."

Akauchukua mkate wake akaendelea kula.

Otilia alitafuta kiti kwa mkono, kama kipofu, akakipata akaketi. Hakumtazama Zoraida. Alikuwa anamtazama mumewe, yule mwanamume ambaye yeye alimnyoa ndevu na kumpikia, aliyelala naye kitanda kimoja miaka yote ile bila kusema neno.

"Kumbe ulikuwa unajua," alimwambia. "Siku zote ulikuwa unajua, ukanioa."

Nicanor alitafuna.

Brígida alimshika Otilia shali kifuani kwa mikono miwili. Yeye, asiyependa kelele, alipaza sauti. Alimwambia aseme sasa hivi, aseme yote, la sivyo wale wanawake wanaofua nje watakuja kumtoa mikononi mwake.

"Mwache, mwanangu," Zoraida alisema. "Mwache apumue."

Alivuta kigoda akaketi mbele ya Otilia, magoti yao yakikaribia kugusana. Walikuwa wanawake wawili wa umri mmoja waliowahi kutumia kioo kimoja na chanuo moja. Kitu kilikuwa kinatambaa kwenye nyayo za Zoraida, kama sindano nyingi ndogo, na kilikuwa kinauma, na hakukijua jina.

"Leandro yu hai?"

Otilia alifumba macho.

"Caridad," alisema, "leo sinemani umempa mkono."